Tarakimu, kipimo na jina: namna bei inavyosema katika masoko yetu

Mwezi wa nane mwaka 2024 nilikuwa nikimsaidia mama mkubwa kuuza unga wa mahindi sokoni, hapa Lubumbashi. Masomo yalikuwa yamesimama, naye alihitaji mtu wa kuandika madeni na kulinda meza anapokwenda kutafuta mifuko kwa wauzaji wa jumla. Asubuhi moja mama mzee alisimama mbele yetu. Hakuuliza bei. Alichukua meka, akaigeuza chini juu, akapapasa kitako chake kwa vidole, kisha akairudisha mezani.

"Yako iko sawa," akasema. "Unipimie mbili."

Kwa msomaji asiyetoka Katanga, meka ni kipimo cha bati ambacho kwacho unga wa bukari hupimwa mbele ya mnunuzi. Yule mama mzee alikuwa na sababu ya kukipapasa. Katika siku zile za unga ghali, baadhi ya wauzaji walikuwa wakigonga kitako cha meka kwa nyundo mpaka kiingie ndani. Ukitazama kutoka juu, meka ni ileile. Ukiijaza, inabeba unga mdogo zaidi. Bei iliyotamkwa haikubadilika hata falanga moja, lakini bukari ya jioni ilipungua.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo linafaa kuulizwa katika kitivo cha lugha kuliko linavyodhaniwa: bei inasema nini hasa? Kwa kawaida swali hili tunawaachia wenzetu wa uchumi. Lakini bei ni usemi. Inatamkwa, inasikilizwa, inaeleweka vizuri au vibaya, na inaweza kudanganya bila kutumia neno hata moja la uongo. Katika makala haya nitaeleza mambo matatu yanayoibadilisha biashara ya vitu vya kila siku, kwetu na kwingineko: bidhaa zinazopunguzwa, bidhaa zinazotengwa kwa wachache, na siasa inayoamua kipi kipite na kipi kisipite. Nitayaeleza kwa kuanzia mezani kwa mama mkubwa, kwa sababu ndipo nilipoyaelewa.

Sehemu tatu za bei

Mwuzaji akisema "meka moja, falanga kadhaa", usemi wake una sehemu tatu. Ya kwanza ni tarakimu, yaani idadi ya falanga. Ya pili ni kipimo: meka, kilo, fungu, kifuko, chupa, kipande. Ya tatu ni jina la kitu chenyewe: unga, tena unga gani, kikwembe, tena kikwembe cha wapi.

Gharama zikipanda, mwuzaji hana budi kubadilisha moja kati ya hizo tatu. Akibadilisha tarakimu, kila mtu anasikia. Akibadilisha kipimo, wengi hawasikii. Akibadilisha jina, wapo watakaofurahi kulipa zaidi. Hiyo ndiyo sababu biashara nyingi za leo zinaiacha tarakimu ikae mahali pake na kuhangaika na sehemu nyingine mbili.

Kwetu kuna sababu ya ziada, nayo ni noti zetu. Falanga ya Kongo haina sarafu zinazozunguka. Tunalipana kwa karatasi tu, na karatasi ndogo zimechakaa, zimepungua, na mara nyingine zinakataliwa kabisa. Tuchukue mfano wa mkate mdogo unaouzwa falanga 500. Mwoka mikate anaona unga umepanda kidogo. Angependa kuuza kwa falanga 560, lakini 60 atazipokea kwa noti gani, na chenji atatoa wapi? Hatua inayofuata ambayo mkono unaweza kuilipa kwa urahisi iko mbali, na akiruka mpaka huko wateja watamkimbia. Kwa hiyo tarakimu inabaki palepale na mkate unakonda. Mwoka mikate yule si lazima awe mtu mbaya. Noti zenyewe zimemfungia mlango mmoja, naye amepitia mwingine.

Kipimo kinapokonda

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2016 watu wa Uingereza walifungua chokoleti ya Toblerone wakakuta milima yake imekaa mbalimbali kuliko zamani. Kipande cha gramu 400 kilikuwa kimegeuka kuwa cha gramu 360, na kile cha gramu 170 kimekuwa cha 150. Hesabu yake inafaa kufanywa polepole. Ukipunguza kumi kati ya mia na kuiacha tarakimu ilivyo, kila gramu imepanda bei kwa zaidi ya kumi na moja kati ya mia. Aliyetangaziwa "bei ileile" amepandishiwa bei.

Waingereza wana neno moja kwa jambo hilo, lililoungwa kutoka kusinyaa na kupanda kwa bei. Wafaransa nao husema réduflation. Mimi sikuona haja ya kutunga neno, kwa sababu sokoni nimelisikia tayari: watu husema mkate "umekonda", sabuni "imekonda", fungu la makala "limekonda". Ni sitiari iliyotolewa kwenye mwili wa mtu mwenye njaa, na inaeleza vizuri zaidi, kwa sababu kitu kikikonda, aliyekinunua naye hukonda.

Nchini Ufaransa jambo hilo liligeuka kuwa la kisiasa. Mnamo Septemba 2023 maduka ya Carrefour yaliweka matangazo mbele ya bidhaa kadhaa yakiwaambia wateja kwamba kiasi kimepungua na bei imepanda. Kisha serikali ikatunga kanuni: tangu tarehe 1 Julai 2024, duka kubwa linatakiwa kubandika tangazo kwa miezi miwili pale kiasi cha bidhaa kinapopunguzwa huku bei ya kipimo kimoja ikipanda. Ukitazama kwa jicho la mwanalugha, kanuni hiyo haikuzuia kupunguza. Ilidai tu kwamba kinachopunguzwa kitajwe.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Kupunguza kwa siri ni meka iliyogongwa kitako. Kupunguza kwa uwazi ni kitu kingine: ni kuuza kidogo kwa mtu mwenye kidogo. Kampuni kubwa zimelijua soko hilo tangu zamani. Nchini India shampuu iliwekwa katika vifuko vya kutumia mara moja, ikauzwa kwa watu ambao wasingeweza kununua chupa. Kwetu ni vivyo hivyo: maziwa ya unga kwa kifuko, kahawa kwa kifuko, sukari iliyofungwa katika nailoni, mafuta ya kupikia yanayomiminwa kwa kikombe kidogo, na uniti za simu zinazonunuliwa kidogo kidogo. Mama anayepata pesa za siku hununua vya siku. Angetaka kununua mfuko wa kilo 25, lakini mfuko unataka pesa za wiki, naye hajawahi kushika pesa za wiki kwa mara moja.

Uwazi huo nao una gharama yake. Anayenunua kwa mfuko hulipa kidogo kwa kila kilo kuliko anayenunua kwa meka, na anayenunua kwa meka hulipa kidogo kuliko anayenunua nusu. Maskini analipia bidhaa, halafu analipia pia kazi ya kuigawanya. Ukijumlisha mwezi mzima, mwenye pesa chache amenunua unga ghali kuliko jirani yake mwenye gari. Lakini angalau anajua alichonunua. Kikombe kidogo kinajitangaza kuwa kidogo.

Nchini Kenya biashara hiyo ya vipimo vidogo huitwa uchumi wa kadogo. Niliposikia usemi huo mara ya kwanza kutoka kwa mwenzetu aliyewahi kuishi Nairobi, nilishtuka. Kwetu, kadogo ni mtoto askari. Ni jina la wale vijana wadogo walioingia mjini humu na majeshi ya AFDL mwezi wa nne mwaka 1997, bunduki zikiwa karibu kulingana na urefu wao. Kiambishi ni kilekile, -ka- cha kudogosha, na mzizi ni uleule. Huko kimeelekezwa kwenye pakiti ya sukari, huku kimeelekezwa kwenye mtoto. Neno moja la Kiswahili limevuka mpaka likabeba historia mbili, na mtangazaji wa biashara wa Nairobi akija kuuza "bei ya kadogo" katika Kongo, itambidi achague maneno mengine.

Jina linapopanda

Sasa tutoke kwenye meza ya unga, tupite njia ya wauza vikwembe. Hapo biashara inakwenda upande wa pili. Kwenye unga mnunuzi hutafuta kilicho sawa na cha wengine. Kwenye kikwembe hutafuta ambacho wengine hawana.

Kitambaa kinachojulikana kama cha Kiholanzi kina historia ya kushangaza. Kampuni ya Vlisco ilianzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, Uholanzi. Waholanzi walikuwa wakijaribu kuiga kwa mashine vitambaa vya batiki vya Java, ambavyo hutiwa rangi kwa kutumia nta. Soko la huko halikuvipenda kama walivyotarajia, lakini pwani ya Afrika Magharibi ilivipenda, na kuanzia mwisho wa karne ya 19 biashara ikageukia bara letu.

Walioifanya biashara hiyo iwe kubwa walikuwa akina mama wa Lomé, nchini Togo, walioitwa Nana Benz kwa sababu ya magari yao ya Mercedes. Nguvu yao ilitokana na haki ya peke yao. Mfanyabiashara alipewa ruhusa ya kuuza nakshi fulani yeye tu, na aliyeitaka nakshi ile ilimbidi apitie kwake. Tena hawakuuza nguo tupu. Waliipa jina. Kiwandani nakshi ilikuwa namba. Sokoni ikawa methali. Wako wanaovaa Mon mari est capable, yaani mume wangu anaweza. Wako wanaovaa Si tu sors, je sors, ndege wakiruka kutoka tunduni: ukitoka, nami natoka. Miaka ya karibuni nakshi moja imeitwa mkoba wa Michelle Obama. Mke akitembea barabarani ameshazungumza na mumewe, na jirani, na mke mwenza, bila kufungua kinywa.

Wanafunzi wa Kiswahili watakumbuka kanga ya pwani, ambayo nayo husema. Lakini kuna tofauti inayofaa kuzingatiwa. Jina la kanga limechapwa kwenye kitambaa. Asiyejua kusema lolote kuhusu kanga anaweza kulisoma. Jina la kikwembe halikuandikwa popote. Linaishi katika kinywa cha mwuzaji, na kutoka kinywa kimoja hadi kingine linaweza kubadilika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya thamani ya kitambaa kile haitoki Helmond hata kidogo. Inatungwa na mama aliyekaa mezani, ambaye hakuna anayemlipa kwa utunzi wake.

Januari 1994 falanga ya CFA ilishushwa thamani kwa nusu. Kwa siku moja, kitambaa cha kutoka Ulaya kikawa ghali maradufu kwa wateja wa Afrika Magharibi. Baadaye vikaja vitambaa vya China vyenye nakshi zilezile kwa bei ya chini sana. Haki ya peke yake ikapoteza maana, kwani nakshi ya leo ilionekana kesho katika nakala ya bei rahisi. Wenye kampuni hawakujaribu kushindana chini. Walipanda juu. Katika miaka ya 2000 waligeuka kuwa nyumba ya mitindo, wakafungua maduka yao wenyewe katika miji mikubwa ya Afrika, Kinshasa ikiwamo, wakatoa nakshi mpya mara kwa mara, na kulinda chapa iliyopigwa pembeni mwa kitambaa. Huo ndio mwenendo unaoonekana katika biashara nyingi leo: aliyekuwa akiwauzia wote anachagua kuwauzia wachache kwa bei kubwa, na walio wengi wanaachiwa nakala.

Katika soko letu daraja hizo zina majina yake: kuna Kiholanzi, kuna super, kuna cha Kichina. Mnunuzi hukunja pembe ya kitambaa, hukisugua kwa kidole gumba, hutazama kama rangi imepenya upande wa pili, husoma maandishi ya pembeni. Ni usomaji uleule wa yule mama mzee aliyepapasa kitako cha meka. Tofauti ni kwamba kule mtu anaogopa kuibiwa kipimo, huku anaogopa kuibiwa jina.

Tena mambo haya mawili, kutengwa na kupunguzwa, hukutana mahali pamoja. Kitambaa kamili huwa cha yadi 6. Mama ambaye hawezi kununua yadi 6 hununua nusu pamoja na rafiki yake. Au anaingia katika likelemba: wenzake hutoa pesa kila juma, na zamu yake ikifika anaondoka na kikwembe kizima cha Kiholanzi. Nimeona mama anayenunua unga kwa nusu meka akiwa na kikwembe kimoja cha namna hiyo sandukuni, akikivaa kwenye harusi na kwenye matanga tu. Wako wanaomcheka. Mimi sikumcheka tena baada ya kuelewa kwamba kikwembe kile ni akiba. Falanga zikipoteza nguvu, kitambaa hubaki kitambaa, na siku ya shida kinaweza kuuzwa.

Mkono wa siasa

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba soko linajiendesha lenyewe. Sivyo. Historia ya nchi yetu ni darasa zima la jinsi siasa inavyoingia hadi kwenye sufuria.

Wazazi wetu wanakumbuka wakati wa kurudi kwenye asili, miaka ya mwanzo ya Zaire. Mwaka 1972 tai na suti za Kizungu zilipigwa marufuku, wanaume wakavaa abakosti, na kikwembe kikawa vazi rasmi la mwanamke. Serikali ilikuwa imeamua, kwa neno moja, nani atauza na nani atafunga duka. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa wananchi. Maduka na mashamba yalipewa watu ambao wengi walikuwa karibu na mamlaka na hawakuijua kazi. Rafu zikawa tupu. Neno acquéreur, ambalo maana yake ni mwenye kujipatia mali, likageuka kuwa neno la dharau.

Mwaka 1993 ilikuwa zamu ya tarakimu yenyewe. Serikali ya Mobutu ilitoa noti ya zaire milioni 5. Upinzani ukiongozwa na Étienne Tshisekedi ukasema noti ile si halali, na wafanyabiashara wakaikataa. Askari waliolipwa mishahara kwa noti hizo walifika madukani wakaambiwa kwamba karatasi yao si pesa. Uporaji uliofuata unakumbukwa mpaka leo. Sijui mfano mzuri zaidi wa kuonyesha kwamba pesa ni neno: inafanya kazi maadamu anayesikia anakubali.

Tangu hapo tumejifunza kusema bei kwa lugha mbili. Bidhaa inaingia nchini kwa dola, inauzwa mezani kwa falanga. Mwuzaji wa unga hana budi kuuliza kila asubuhi dola iko ngapi, ingawa mteja wake hajashika dola mwezi mzima. Hata dola ina sarufi yake: noti iliyochanika kidogo pembeni inakataliwa, kama sentensi yenye kosa moja la herufi.

Nirudi kwenye mwezi wa nane mwaka 2024. Katika mwaka ule Zambia, nchi inayolisha sehemu kubwa ya Katanga, ilipigwa na ukame mkali; tarehe 29 Februari rais wake alikuwa ameutangaza kuwa janga la taifa. Mahindi yalizuiwa kutoka. Halafu serikali yetu ikakataza kwa miezi 12 kuingizwa kwa bia na vinywaji baridi kutoka nje, kwa nia ya kulinda viwanda vya ndani. Wenye malori wa Zambia wakapinga, na mwezi wa nane serikali yao ikafunga vituo vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache mpaka mawaziri walipokutana.

Siku chache tu. Lakini Kasumbalesa ndiyo koo la Haut-Katanga: shaba inatokea hapo, chakula kinaingilia hapo. Ugomvi ulihusu bia na soda, na mama mkubwa hauzi bia wala soda. Hata hivyo, siku ile habari ilipoenea, wauzaji wa jumla walianza kuficha mifuko, na bei ilipanda kabla unga haujapungua. Uvumi ulitosha. Hapo ndipo nyundo zilipotoka na vitako vya meka vikaanza kugongwa.

Wenzetu wa Goma wameona makali zaidi. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipoangukia mikononi mwa M23, benki zilifungwa. Pale pesa zinapokuwa adimu, hata mwenye akiba anageuka mnunuzi wa kifuko kidogo.

Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 inasema kwamba bei katika nchi yetu ni huru, na inaweka utaratibu wa ushindani. Sipingi uhuru huo. Lakini uhuru wa tarakimu una faida ndogo kwa mnunuzi pale kipimo kisipokuwa na uhakika. Mezani kwetu hakukuwa na mizani. Kulikuwa na meka, na neno la mwenye meka.

Alichofanya mama mkubwa

Juma lile jirani yetu mmoja alikuja jioni akiwa amebeba meka yake iliyogongwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa kulipia shule, na mwezi wa tisa ulikuwa unakuja.

"Ndugu yangu," akamwambia mama mkubwa, "ukiacha meka hivi, utakula mtaji. Kila mtu anafanya."

Mama mkubwa aliishika ile meka, akaitazama ndani na nje, akamrudishia. "Yako ni yako," akasema. "Mimi nitaongeza falanga."

Nilidhani amekosea, nami nikamwambia hivyo tulipokuwa tukifunga. Kwa siku tisa nilizozihesabu kwenye daftari, mauzo yetu yalishuka karibu kwa nusu. Wateja walisikia tarakimu yetu, wakasikia ya jirani, wakaenda kwa jirani. Kulikuwa na jioni ambayo tulirudi nyumbani na pesa za usafiri tu, na mama mkubwa hakusema neno njia nzima. Daftari la madeni lilikuwa mikononi mwangu na sikutaka kulifungua.

Siku ya kumi ndipo alipokuja yule mama mzee niliyemtaja mwanzoni, aliyepapasa kitako. Jioni alirudi na binti zake wawili. Wengine wakafuata, si wote. Wako ambao hawakurudi kamwe, kwa sababu kwao tarakimu ndogo ilikuwa jambo la lazima, hata kama ilikuwa na unga mdogo ndani yake. Siwezi kuandika hapa kwamba uaminifu ulilipa. Tulipofanya hesabu mwishoni mwa mwezi, mama mkubwa alikuwa amepata hasara kidogo. Nilipomwuliza kama angefanya tena, alijibu kwamba meka ni neno lake, na mtu akishaligonga neno lake kwa nyundo, atauza nini kesho?

Kwa nini jambo hili ni letu

Nimeandika haya katika jarida la kitivo cha lugha kwa sababu naamini sehemu ya kazi hii ni yetu. Wachumi watapima mfumuko wa bei kwa tarakimu, na tarakimu zitawaambia kwamba mkate wa falanga 500 haujapanda. Mfumuko uliojificha ndani ya kipimo hauwezi kuonekana na mtu asiyejua vipimo vyenyewe: meka inabeba nini Lubumbashi, kopo linabeba nini Bukavu au Kalemie, fungu la makala lilikuwa na vipande vingapi mwaka juzi, na nyongeza ile ambayo mwuzaji alikuwa akiitupia juu bila kuombwa ilikoma lini. Nyongeza ndiyo hukatika kwanza, kabla ya kipimo chenyewe, nayo haijaandikwa katika takwimu yoyote.

Mtu mmoja hawezi kuyakusanya haya, lakini darasa linaweza. Tukienda likizo, kila mmoja kwa wake, tunaweza kurudi na orodha: majina ya vipimo, uzito wake kwenye mizani ya kweli, na maneno ambayo watu husema kitu kinapokonda au kinapotengwa kwa wenye nacho. Tukirudia kila mwaka tutakuwa na kamusi inayoonyesha pia gharama ya maisha. Mimi nimeanza. Nilipima meka ya mama mkubwa kwenye mizani ya jirani muuza misumari, nikaandika uzito wake na tarehe kwenye ukurasa wa mwisho wa lile daftari la madeni.